Mbwa Kupita Si Mbwa Kutafuta: Namna Mbwa Anavyofunzwa Kupekua Ardhi Chini ya Uongozi wa Mtu



Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza jambo ambalo watu wengi wa vijiji vyetu wameliona kwa macho, lakini hawakupata mtu wa kuwaeleza vizuri. Ni kazi ya mbwa anayetafuta mabaki ya vita ardhini. Ninaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na timu ya kuondoa mabomu katika kijiji kimoja cha Kivu ya Kaskazini. Watu walikuwa wameanza kurudi kutoka kambi za wakimbizi wa ndani. Kazi yangu ilikuwa kuongea na wakaaji, si kushika mbwa. Asubuhi ya pili mama mmoja alinijia na jembe begani. Shamba lake la muhogo lilikuwa karibu na mahali ambapo wapiganaji waliwahi kuchimba mahandaki yao. Akaniuliza, "Mwanangu, jana jioni mbwa amepita kwangu. Ninaweza kulima?"

Mimi pia nilikuwa nimemwona yule mbwa kwa mbali, upande wa shamba lile. Nikamjibu upesi, "Ndiyo, Mama. Kama mbwa amepita, hakuna neno."

Mwongozaji wa mbwa alikuwa karibu, akanisikia. Hakunigombeza. Alimsalimia mama, kisha akamweleza kwamba jana jioni mbwa alikuwa akitembezwa tu kwa kamba, katika njia iliyokwisha kukaguliwa, ili apumzike kabla ya kulala. Shambani hakuingia. Halafu akanigeukia na kusema, "Ndugu, mbwa kupita si mbwa kutafuta."

Mama alitua jembe lake chini. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza na kila siku ya kungoja ilikuwa hasara kwake. Nilimwomba msamaha. Tangu siku ile nimejitahidi kufahamu tofauti kati ya mbwa anayepita na mbwa anayetafuta. Nimegundua kwamba tofauti hiyo haiko katika pua. Iko katika mafunzo, na mafunzo hayo yalianza zamani, kwa wawindaji wa ndege.

MBWA TUNAYEMJUA NA MBWA TUSIYEMJUA

Kwetu Kongo mbwa wa kuwinda si mgeni. Katika misitu ya Ituri wawindaji humfunga mbwa kengele ya mti shingoni, humwachia atangulie, nao hufuata mlio wake. Ni mbwa mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, na habweki kama mbwa wengine. Wazungu walimwita basenji. Alipoonyeshwa London mwaka 1937, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, watu walisongamana kumtazama. Kwetu ni mbwa wa kila siku.

Kazi ya mbwa huyu ni kumwinua mnyama na kumkimbiza kuelekea kwenye nyavu au kwenye mishale. Yeye ndiye anayeamua aende wapi. Mtu anamfuata. Kengele ipo kwa sababu mbwa yuko mbali, na mtu hawezi kumwona wala kumwongoza. Kwa msitu mnene na kwa nyavu, njia hiyo ni nzuri, na wazee wetu waliitumia kwa akili.

Mbwa wa kuwinda kwa bunduki ni tofauti. Katika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, watu huwinda ndege kwa bunduki ya marisau, ile ambayo kwetu huitwa kalibre 12. Marisau hupoteza nguvu upesi. Zaidi ya mita 35 au 40 hivi ni vigumu kuua ndege vizuri. Basi mbwa akimwinua kwale umbali wa mita 80, hakumsaidia mwindaji hata kidogo. Amemfukuzia chakula chake.

Kwa sababu hiyo walihitaji mbwa wa namna ya pekee. Mojawapo ni spanieli, mbwa mwenye masikio marefu yanayoning'inia na mkia usiotulia. Kazi yake ni kupekua kila kichaka mbele ya mwindaji, upande wa kuume na wa kushoto, bila kuacha hata kimoja, na bila kuvuka umbali wa risasi. Ndege akiruka, mbwa anaketi palepale. Mashindano ya kwanza ya spanieli wa kazi yalifanyika Uingereza mwaka 1899, na hadi leo waamuzi wa mashindano hayo huuliza hasa maswali mawili: je, mbwa ameacha ndege nyuma? Na je, anasikia?

Mtazame vizuri ugumu wa jambo hili. Mbwa anatakiwa kuwa na bidii kubwa ya kutafuta kwa hiari yake, na papo hapo anatakiwa kukaa chini ya uongozi. Bidii inamvuta mbele, utii unamvuta nyuma. Mkufunzi akikaza utii mno, anapata mbwa mwoga asiyetafuta. Akilegeza mno, anapata mbwa anayekimbia porini peke yake. Ufundi wote uko katikati hapo.

KUKETI KABLA YA KUTAFUTA

Mtu angedhani mafunzo huanza na pua. Sivyo. Mtoto wa spanieli huzaliwa na pua na hamu ya kuitumia, na hakuna anayemfundisha kunusa. Pua ya mwanadamu ina vipokezi vya harufu milioni 5 hivi. Pua ya mbwa ina zaidi ya milioni 200. Sisi hatuna la kumfundisha hapo.

Anachofundishwa kwanza ni kuketi. Sahani ya chakula ikiwekwa chini, anaketi mpaka aruhusiwe. Mlango ukifunguliwa, anaketi. Kisha mkufunzi anaunganisha tendo hilo na mkono ulioinuliwa na mlio mmoja mrefu wa filimbi. Anaanza akiwa hatua moja tu kutoka kwa mbwa, halafu hatua tano, halafu ishirini. Hapandi ngazi ya pili kabla ya ile ya kwanza haijakaa imara.

Wengi hutumia milio mitatu. Mlio mmoja mrefu maana yake ni: keti, unitazame. Milio miwili mifupi: geuka, tafuta upande wa pili. Milio mifupi mingi mfululizo: rudi kwangu.

Nilimuuliza mwongozaji yule kwa nini hatumii sauti yake. Alinijibu kwamba sauti ya mtu hubeba hasira, hofu na uchovu. Leo unasema "keti" kwa upole, kesho unasema kwa ukali, na mbwa anasikia maneno mawili tofauti. Filimbi husema neno lilelile kila siku. Tena sauti ya mtu huwashtua wanyama kuliko filimbi.

Katika hatua hii mkufunzi hujikataza mambo mawili. La kwanza, hampi mbwa amri ambayo hawezi kuhakikisha inafuatwa. Kama mtoto wa mbwa yuko mbali na ameshikwa na mchezo, kumpulizia filimbi mara kumi ni kumfundisha kwamba filimbi haina maana. Ni heri kumfuata kimya na kumrudisha mahali pake. La pili, hampigi mbwa aliyechelewa kurudi. Mbwa hakumbuki kosa la dakika tano zilizopita. Anachofahamu ni kwamba amerudi akapigwa. Kesho hatarudi.

MWENDO WA NYOKA

Baada ya kuketi na kurudi kueleweka, ndipo kutafuta kunaanza. Kwa kawaida mbwa hapelekwi katika kazi kamili ya kichakani kabla hajakaribia umri wa mwaka mmoja.

Mkufunzi huchagua uwanja wa majani mafupi na huenda akielekea upepo. Yeye mwenyewe hutembea kwa mwendo wa nyoka, hatua chache kuume, hatua chache kushoto, na mtoto wa mbwa humfuata akipishana naye mbele. Anapofika mwisho wa upande mmoja, kama mita 10 au 15 kutoka kwa mtu, filimbi inalia mara mbili, mtu anageuza mwili wake wote upande wa pili na kunyosha mkono. Mbwa anageuka na kupita tena mbele yake. Siku za mwanzo mtu hutembea sana. Kadiri mbwa anavyofahamu, mtu hunyosha njia yake, na mbwa peke yake ndiye anayekata kuume na kushoto, mistari ikikaribiana kiasi cha kutoacha nafasi katikati.

Lakini kwa nini mbwa akubali kukaa karibu, wakati pori zima liko mbele yake? Hapa kuna siri ambayo niliipenda sana. Mkufunzi huwa na mpira mdogo mfukoni. Mbwa akitazama pengine, yeye huuangusha mpira majanini, karibu na miguu yake. Kisha anamwita mbwa atafute pale, na mbwa anaupata. Siku ya pili vilevile, siku ya tatu vilevile. Baada ya majuma kadhaa mbwa ameamini kwamba vitu vizuri hupatikana karibu na mtu huyu, na kwamba akienda mbali peke yake hapati kitu. Umbali wake hauwekwi na kamba wala fimbo. Unawekwa na uzoefu wake.

Ndiyo sababu pia mkufunzi hamchoshi mbwa mchanga katika uwanja mtupu. Dakika kumi au kumi na tano zatosha, na mwisho wa zoezi lazima kuwe na kitu cha kupatikana. Mbwa anayetafuta kila siku bila kupata huanza kukimbia tu, pua juu, akionyesha kazi ambayo hafanyi. Kwa mbali anaonekana kama anatafuta, na mtazamaji asiyejua anadanganyika.

UPEPO

Harufu haikai mahali pamoja. Inachukuliwa na upepo. Kwa hiyo mwongozaji hujua upepo kabla ya kumfungua mbwa: huangalia moshi, huangalia majani, au hurusha vumbi kidogo hewani.

Upepo ukija usoni, kazi ni rahisi. Harufu inamjia mbwa, naye anakata kuume na kushoto kwa mistari iliyonyooka. Upepo ukitoka mgongoni, harufu inakwenda mbele na kumkimbia. Mbwa mwenye akili atataka kutangulia mbali kidogo, kisha ageuke na kutafuta akirudi kuelekea kwa mtu wake. Mwongozaji asiyefahamu atadhani ni uasi, atapuliza filimbi na kumharibu mbwa aliyekuwa anafanya kazi sawasawa. Upepo ukitoka ubavuni, mistari ya mbwa huinama upande, na mtu anatakiwa kupanga mwendo wake kufuatana na hali hiyo.

Hivyo, uongozi si mtu kumwambia mbwa kila kitu. Mtu anajua mpaka wa eneo na anajua mahali ambapo hapajapekuliwa. Mbwa anajua harufu. Kila mmoja ana ujuzi ambao mwenzake hana.

KUKETI WAKATI WA KISHAWISHI

Mtihani mkubwa ni wakati ndege anaporuka. Kila mshipa wa mbwa unamwambia akimbize. Hapo ndipo anatakiwa kuketi, bila kuguswa.

Jambo hili hujengwa polepole. Mbwa ameketi, mpira unarushwa mbele ya macho yake, na hatumwi kuuchukua. Mtu mwenyewe ndiye anayekwenda kuuokota. Mara nyingi mtu huokota, mara chache mbwa hutumwa. Hivyo mbwa anajifunza kwamba si kila kitu kinachoruka ni chake. Baadaye hufanyiwa zoezi kwa njiwa au kwa sungura walio ndani ya uzio, filimbi ikiwa tayari. Mbwa aliyefuzu huketi hata kabla ya filimbi: kuruka kwa ndege kwenyewe kumekuwa amri.

KOSA LA MTU HUINGIA KATIKA MBWA

Kuna hatari moja ambayo wakufunzi huisema sana. Mbwa aliyefundishwa kumtazama mtu kila mara huacha kutumia pua na kuanza kusoma uso wa bwana wake. Mtu akisimama kidogo, akikaza macho mahali, akipunguza mwendo, mbwa anafahamu: hapa anataka nipate kitu.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani, walitangaza jaribio lao juu ya jambo hili. Walichukua waongozaji 18 pamoja na mbwa wao waliozoea kutafuta madawa ya kulevya au milipuko. Waliwaambia waongozaji kwamba katika jengo fulani kuna harufu iliyofichwa, na kwamba mahali pengine pamewekwa karatasi nyekundu kuonyesha ilipo. Kwa kweli hapakuwa na harufu yoyote. Hata hivyo timu nyingi zilitangaza kwamba mbwa amepata, tena zaidi penye karatasi. Imani ya mtu ilipita katika mbwa bila neno lolote kusemwa.

Sisi tunaofanya kazi ya amani tunalijua jambo hilo kwa jina la uvumi. Mmoja anaamini, mwingine anasoma uso wake, wa tatu anathibitisha, na mwisho kijiji kizima kinasema "imehakikishwa" wakati hakuna aliyenusa chochote. Dawa ya wakufunzi ni kumpima mbwa mahali ambapo mwongozaji mwenyewe hajui kitu kimefichwa wapi, wala kama kipo. Mtu wa tatu ndiye anayejua, naye husimama mahali ambapo hawezi kuwapa dalili.

KUTOKA KWA NDEGE HADI KWA BOMU

Ujuzi huu wa wawindaji ndio uliopelekwa katika kazi nyingine. Spanieli na mbwa wengine wa bunduki, kama labrador, hutumiwa na polisi na majeshi ya nchi nyingi kutafuta silaha na milipuko. Hapa kwetu, Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa mwaka 2011, kwa msaada wa daktari wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Kikosi hicho kilikuwa na mbwa wa kufuata nyayo za majangili, na baadaye kikapata spanieli wa kutafuta pembe za ndovu, bunduki na risasi. Mbwa aliyezalishwa kwa ajili ya ndege wa Uingereza alipata kazi katika pori la Kivu.

Katika uondoaji wa mabomu, Afghanistan ilikuwa kati ya nchi za kwanza kutumia mbwa kwa wingi. Kituo cha mbwa wa mabomu kilianzishwa kwa ajili yake mwaka 1989. Msingi wa mafunzo ni uleule, lakini mambo manne hubadilika.

Kwanza, mwendo. Hakuna kukimbia. Mbwa hutembea polepole, pua karibu na ardhi, katika mstari mwembamba. Mara nyingi hufungwa kamba ndefu. Mwongozaji husimama mahali palipokwisha kusafishwa, mbwa huenda mbele hadi mita 10 hivi na kurudi, kisha mtu husogea kidogo ubavuni na mstari mwingine huanza.

Pili, namna ya kuonyesha. Mbwa haruhusiwi kuchimba wala kugusa. Akipata harufu ya mlipuko, anaketi au analala chini na kutulia. Ile amri ya kuketi aliyojifunza mbele ya sahani ya chakula ndiyo inayookoa maisha yake na ya mtu wake.

Tatu, mbwa mmoja hatoshi. Ardhi hupekuliwa na mbwa wa pili asiyeona alivyofanya wa kwanza. Mahali alipoketi mbwa, fundi huja na chombo chake cha kupimia chuma na kuchimba kwa uangalifu. Mbwa hasemi "hapa pana bomu". Anasema "hapa pana harufu niliyofunzwa". Wanaohakikisha ni watu.

Nne, hali ya hewa. Mvua, upepo mkali, joto la mchana na majani marefu huharibu kazi. Timu ikikaa chini ya mti saa nne za asubuhi, tusiwaite wavivu. Wanajua kwamba pua imechoka, na pua iliyochoka inaacha vitu nyuma.

Majirani zetu wa Tanzania wana njia nyingine. Huko Morogoro, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufunza panya buku kutafuta mabomu. Panya ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa uzito wake. Walifanya kazi nyingi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kwamba imemaliza kusafisha maeneo yake yote ya mabomu yaliyojulikana. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa nchini Uingereza mwaka 2020. Lakini panya naye hufanya kazi kwa kamba, kwa mstari, na kwa mtu anayeandika ni wapi pamekwisha na wapi bado.

MAMBO AMBAYO JAMII IFAHAMU

Kongo ilijiunga na Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini mwaka 2002. Hata hivyo, mara nyingi hatari iliyo katika mashamba yetu si bomu lililotegwa, bali bomu lililorushwa na halikulipuka: grenedi, roketi, bomu la mota. Wakaaji wa Kisangani wanakumbuka vita vya siku sita vya Juni 2000, na makombora ambayo watu waliendelea kuyaokota baada ya hapo. Basi tunaomba viongozi wa vijiji, walimu na wahubiri wawaeleze watu mambo haya:

1. Usimwite mbwa wa kazi, usimpe chakula, usimpigie mluzi. Masikio yake ni ya mtu mmoja tu wakati ule.

2. Funga mbwa wako wa nyumbani siku ambazo timu iko kazini. Mbwa wa kijiji akiingia eneo hilo, kazi ya siku nzima inaweza kuharibika.

3. Usichukue mbwa wako kwenda kutafuta mabomu kwa sababu umeona mwingine akifanya hivyo. Mbwa asiyefunzwa atachimba, na utakuwa nyuma yake.

4. Usiulize tu "mbwa amepita?" Uliza: "Ni wapi mmemaliza, na mpaka uko wapi?" Omba mpaka huo uonyeshwe mbele ya shefu wa kijiji na wenye mashamba. Mara nyingi alama nyekundu huonyesha upande wa hatari na nyeupe upande ulio salama. Lakini hakikisha na timu yenyewe.

5. Usihamishe alama, usichukue miti yake kwa kuni. Aliyeng'oa alama amefuta kazi ya mbwa, ya fundi na ya siku nyingi.

6. Ukiona kitu usichokijua, usikiguse, rudi kwa njia uliyokuja nayo, uwaambie viongozi.

KUMALIZA

Yule mama alisubiri siku nne. Siku ya tatu, mbwa wa kwanza aliketi karibu na kisiki cha mgomba, upande wa juu wa shamba. Alasiri ilikuwa na upepo mkali, kazi ikasimamishwa. Asubuhi yake mbwa wa pili, ambaye mwongozaji wake hakuambiwa kitu, aliketi mahali palepale. Mafundi walichimba wakapata bomu la mota, limeshika kutu, chini ya udongo kiasi cha kiganja cha mkono. Mama alikuwa amepanga kuanza kulima upande ule ule, kwa sababu udongo wake ni mweusi.

Alipokabidhiwa shamba lake hakuuliza habari za mbwa tena. Alimwomba mwongozaji atembee naye kando ya mpaka wote, jiwe kwa jiwe, na mimi nikiwa nyuma yao. Katika kila jiwe jeupe alisimama, akaangalia mbele na nyuma. Kisha akasema, "Sasa nimejua ninyi mmejua nini." Akaanza kulima.

Nafikiri hilo ndilo tunalotakiwa kuwapa watu wanaorudi makwao. Tusiwaambie "msiogope, tumepita." Tuwaonyeshe mahali ambapo kazi imefanyika, nani aliifanya, nani aliihakikisha baada yake, na mahali ambapo bado. Mtu akiyajua hayo, atachukua jembe lake mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni wapi watu wanasema "hapa ni salama", nao walijuaje?

2. Ni habari gani tuliyoiamini kwa kusoma nyuso za wengine, bila mtu yeyote kuhakikisha?

3. Nani kati yetu anaweza kupewa kazi ya kutunza alama za mipaka na kuwaeleza wanaorudi?